Kwa nini kindege cha Bungoma hukaidi kikifika Kitale

Tuseme kuna binamu wawili. Mmoja anasoma Bungoma, na mwingine anaishi na mjomba wake mjini Kitale. Wakati wa likizo ya Aprili, yule wa Bungoma anajenga kindege cha kuongozwa kwa redio. Kwa majuma matatu veranda ya nyumba yao inageuka karakana, na mama analalamika kila anapofagia vumbi la msasa. Hatimaye, asubuhi moja yenye ubaridi, anakirusha katika kiwanja cha shule. Kindege kinapaa, kinazunguka mara mbili na kutua kwenye nyasi bila mkwaruzo. Furaha iliyoje!

Mwezi wa Desemba anakifunga kwa blanketi, anapanda matatu kupitia Webuye, Kamukuywa na Kiminini, na kumpelekea binamu yake akione. Saa nane mchana, mbele ya mjomba na watoto wa jirani, kindege kile kile kinakimbia, kinainua pua, kinayumba na kubamiza bawa chini. Betri ni ile ile na imejaa. Rimoti ni ile ile. Hakuna skrubu iliyolegea. Watoto wanacheka. Mjomba anauliza kama pesa zilizonunua betri hiyo hazingetosha kununua mbolea.

Msomaji, kisa hicho ni cha kubuni. Lakini sababu ya kindege kuanguka si ya kubuni hata kidogo, na yeyote anayetaka kujenga vyombo hivi katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya hana budi kuijua. Kosa halikuwa la mkono wa fundi, wala hakuna aliyekirogea njiani. Kilichobadilika ni hewa.

Hewa ya Bungoma na hewa ya Kitale

Mji wa Bungoma uko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Kitale uko karibu mita 1,900. Abiria wa matatu huitambua tofauti hiyo ya mita 500 kwa kufunga vifungo vya koti. Bawa la ndege huitambua kwa njia nyingine.

Kadiri unavyopanda mlima ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Kwa hesabu ya kawaida inayotumiwa na wataalamu wa ndege, hewa ya Bungoma ni pungufu kwa asilimia 13 hivi ikilinganishwa na ile ya Mombasa. Ya Kitale ni pungufu kwa asilimia 17. Hii ina maana kwamba ukitoka Bungoma hadi Kitale, hewa inayobeba bawa lako imepungua kwa karibu asilimia 5.

Isitoshe, kuna jua. Hewa ikipata joto hutanuka na kuwa nyepesi zaidi. Kitale penyewe, tofauti kati ya asubuhi yenye nyuzijoto 12 na alasiri yenye nyuzijoto 26 inatosha kupunguza uzito wa hewa kwa asilimia 5 nyingine, sawa na kupanda tena mita 500. Yule kijana wetu alirusha kindege asubuhi yenye ubaridi kule Bungoma, kisha akakirusha saa nane mchana kule Kitale. Kwa kufanya hivyo alikinyang'anya karibu sehemu moja kwa kumi ya hewa kilichoizoea.

Bawa hubebwa na hewa. Hewa ikiwa haba, kindege lazima kiende kwa kasi zaidi ndipo kiinuke. Wakati huo huo rafadha, yaani lile pangaboi la mbele, nayo inakosa hewa ya kushika, kwa hiyo inavuta kwa nguvu pungufu. Kindege kinatakiwa kikimbie zaidi ilhali kimepunguziwa nguvu za kukimbia. Chombo chepesi kitastahimili. Chombo kizito, ambacho hata Bungoma kilikuwa kikijikokota, kitaanguka mbele ya wageni.

Magazeti yalivyowalea mafundi

Je, kijana huyo angejuaje haya? Katika nchi nyingine, kwa zaidi ya miaka 90, kazi ya kumwelimisha mjenzi wa vindege ilifanywa na magazeti. Marekani gazeti la Model Airplane News lilianza mwaka 1929. Uingereza walipata Aeromodeller mwaka 1935. Redio za kuongozea zilipoanza kushika kasi yakaja magazeti yaliyoshughulikia hasa vyombo hivyo: RCM&E la Uingereza mwaka 1960, na Radio Control Modeler la Marekani mwaka 1963, ambalo liliendelea hadi mwaka 2005.

Mchezo wenyewe wa redio si wa juzi. Mwaka 1898, mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo aliyoiongoza kwa mawimbi ya redio bila waya wowote. Kwa upande wa ndege, ndugu wawili pacha wa Marekani, Walter na William Good, walijenga chombo walichokiita Guff na kufanikiwa kukiongoza kwa redio mwaka 1937. Mabawa yake yalikuwa na upana wa karibu mita mbili na nusu kutoka ncha hadi ncha. Baadaye kiliwekwa katika hifadhi ya Smithsonian huko Washington.

Ndani ya magazeti hayo kulikuwa na nini? Mara nyingi kulikuwa na ramani ya kindege yenye vipimo kamili, maelezo ya kujenga hatua kwa hatua, na habari za mashindano. Lakini ukurasa ambao mafundi wengi waliukimbilia kwanza ni ule wa mbinu za wasomaji. Humo mtu wa kawaida aliandika mistari michache kueleza jinsi alivyotatua tatizo dogo: kubana mbao zilizopakwa gundi kwa vibanio vya nguo, kubandika msasa juu ya ubao ulionyooka ili upige sawasawa, au kupaka nta ya mshumaa kwenye bawaba ili gundi isiingie mahali pasipotakiwa. Fundi wa mji mmoja aliharibu bawa lake mara tatu, akaandika, na fundi wa mji wa mbali hakuharibu lake hata mara moja.

Hata hivyo, magazeti hayo yaliandikiwa watu wa kwao. Yalichukulia kwamba msomaji ana duka la vifaa karibu, kwamba atapata mbao za balsa kutoka Ecuador, na kwamba anaishi mahali ambapo hewa ni nzito. Mkenya wa Kitale akifuata kila neno, atajenga kindege ambacho kingeruka vizuri sana Uingereza. Gazeti ni la kusomwa kwa makini, kisha vipimo vyake vigeuzwe vilingane na mahali ulipo.

Hesabu moja ya kubadilisha ramani

Hesabu hii haimhitaji profesa. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaiweza.

Chukua kindege chenye mabawa ya urefu wa sentimita 100 kutoka ncha hadi ncha, na upana wa sentimita 20 kutoka mbele hadi nyuma. Eneo lake ni sentimita 2,000 za mraba. Tuseme gazeti linasema kisizidi gramu 600 pamoja na betri. Hicho ni kipimo cha mahali palipo karibu na usawa wa bahari. Ukitaka kiruke Kitale kwa kasi ile ile, punguza asilimia 17: kindege kisizidi gramu 500 hivi. Bungoma utaruhusiwa gramu 520.

Gramu 100 utazitoa wapi? Zinatoka kwenye gundi iliyopakwa kupita kiasi, rangi iliyorudiwa mara tatu kwa sababu ya urembo, na skrubu ndefu zisizo na kazi. Mizani ndogo ya jikoni ina faida kubwa karakanani. Pima kila kipande kabla ya kukibandika, na uandike.

Ikiwa uzito hauwezi kupungua, ongeza eneo la bawa. Lakini jihadhari na mtego mmoja. Ukikuza kindege kizima mara mbili kwa kila upande, eneo la bawa huongezeka mara nne, ilhali uzito huongezeka mara nane. Ndiyo sababu mtu hawezi kuchukua kindege kilichoruka vizuri, akakuza kila kipande mara kumi, kisha akapanda ndani.

Wenye injini ndogo za mafuta ya methanoli yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika wana jambo la ziada la kukumbuka. Injini nayo huvuta pumzi. Ikifika Kitale hupata hewa kidogo, kwa hiyo nguvu zake hupungua na huhitaji mafuta kidogo pia. Sindano ya kabureta iliyorekebishwa chini lazima irekebishwe upya juu. Mota ya umeme haivuti pumzi, lakini rafadha yake inaweza kuhitaji kuwa kubwa kidogo. Ukiibadilisha, gusa mota baada ya dakika moja ya kuruka. Ikiwa inachoma mkono, rafadha imezidi.

Karakana ya veranda

Vifaa vyenyewe si lazima vitoke ng'ambo. Ramani nyingi za zamani zimewekwa kwenye intaneti na hupatikana bila malipo, kwa mfano katika hazina iitwayo Outerzone. Kundi la Flite Test la Marekani nalo limesambaza ramani za vindege vya mbao za povu ambavyo mwanafunzi anaweza kuvikata kwa wembe. Ukienda saiba kuchapisha ramani kwenye karatasi za kawaida na kuziunganisha, chora kwanza mstari wa sentimita 10 juu yake, kisha uupime kwa rula baada ya kuchapisha. Mashine nyingi hupunguza ukubwa bila kukuambia, na ubavu mmoja wa bawa ukitofautiana na mwingine, kindege kitageuka upande hata ukikikataza.

Badala ya balsa, tumia stairofomu, lile povu jeupe linalowekwa katika makatoni ya televisheni na friji. Hukatwa vizuri kwa waya mwembamba uliopashwa moto kwa betri, lakini moshi wake ni mbaya kwa mapafu. Fanya kazi hiyo nje, na mtu mzima awepo. Usitumie umeme wa ukutani kamwe.

Bawa la povu peke yake hupindika. Lipe uti wa mgongo. Mwanzi uliopasuliwa hufaa, na mlingoti mkavu wa mkonge ni mwepesi na mgumu kuliko wengi wanavyodhani. Si ajabu watu wetu kujua mbao nyepesi. Wanjemps wa Ziwa Baringo wana mti wao mwepesi sana unaoota majini, ambao wametengenezea vyombo vyao vya kuvulia samaki tangu jadi. Aliyetafuta mti mwepesi ili aelee juu ya maji na anayeutafuta ili apae hewani wanauliza swali moja.

Zamani watoto walifunika vishada vyao kwa mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya mwezi Agosti mwaka 2017. Tumia karatasi ya kaki, ile ile ya kufunikia madaftari. Ilowanishe kidogo, paka gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji, kisha itandaze juu ya povu. Ikikauka hujikaza kama ngozi ya ngoma na kulipa bawa nguvu mara dufu. Funika juu na chini siku moja, na ulalishe bawa juu ya ubao ulionyooka, likiwa limekandamizwa kwa vitabu, hadi asubuhi. Ukifunika upande mmoja tu, karatasi italivuta bawa likapinda kama kipande cha ganda la mti kilichoanikwa.

Jihadhari na gundi kali zinazokauka kwa sekunde chache. Nyingi huyeyusha stairofomu, na petroli pia huiyeyusha, pamoja na thina ya rangi. Kabla ya kupaka chochote, kijaribu kwenye kipande cha kutupa.

Kwa waya za kusukuma usukani wa mkia na miguu ya magurudumu, nenda kwa fundi wa baiskeli. Spoku iliyotupwa ni chuma kigumu, chembamba na kilichonyooka. Na kama kuna eneo la Afrika Mashariki lisilokosa spoku, ni hili la magharibi, ambako boda boda zilianzia kwenye mpaka wa Busia zikiwa baiskeli.

Kupima kabla ya kurusha

Kindege kikishaunganishwa, hamu ya kukirusha huwa kubwa mno. Haraka haraka haina baraka. Kuna mambo manne ya kukagua.

La kwanza ni mizani ya pua na mkia. Weka vidole viwili chini ya mabawa, umbali wa robo hadi theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Kindege kinapaswa kutulia, pua ikiinama kidogo. Pua ikiwa nzito kupita kiasi, kitakuwa kivivu kuinuka lakini utaweza kukitua. Mkia ukiwa mzito, hakiongozeki, na safari yake ya kwanza huwa ndiyo ya mwisho. Rekebisha kwa kusogeza betri kabla ya kuongeza uzito wowote.

La pili ni unyoofu. Simama hatua tano nyuma ya kindege na uangalie kwa jicho moja. Mabawa yote mawili yaonekane sawa. Bawa lililojipinda hata kidogo litakivuta upande mmoja muda wote kikiwa hewani.

La tatu ni mwelekeo wa usukani. Simama nyuma yake, sukuma rimoti kulia, na uhakikishe usukani wa mkia umekwenda kulia. Vuta nyuma, na ubapa wa mkia uinuke. Vindege vingi huvunjika katika sekunde tano za kwanza kwa sababu waya mmoja ulifungwa kinyume. Wakati wa ukaguzi huu, ondoa rafadha. Rafadha inayozunguka ni kisu, na haichagui kidole cha nani.

La nne ni kukirusha bila mota. Tafuta nyasi ndefu, simama ukielekea upepo, na ukisukume kwa mkono kama unayerusha mkuki polepole, pua ikiangalia chini kidogo. Kikiteremka taratibu na kunyooka, kiko tayari. Kikiinua pua kisha kuanguka, ongeza uzito mbele. Kikipiga mbizi, punguza. Rudia mara kumi. Nyasi hazivunji kitu.

Betri, uwanja na sheria

Wazazi, hapa ndipo mnapohitajika. Betri za lithiamu zinazotumiwa katika vindege hivi ni nyepesi na zina nguvu nyingi, lakini zikichajiwa vibaya huwaka moto ambao ni vigumu kuuzima. Tumia chaja iliyotengenezewa betri hizo pekee. Chaji juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu cha udongo, mbali na pazia na godoro, na mtu awe anaangalia. Usichaji usiku watu wakiwa wamelala. Betri iliyovimba imekwisha kazi. Usiitoboe wala kuitupa motoni.

Kuhusu uwanja, kaeni mbali na viwanja vya ndege. Kitale kuna uwanja wa ndege, na katika Kaunti ya Bungoma kuna uwanja wa Matulo karibu na Webuye. Kenya ina kanuni za mwaka 2020 kuhusu vyombo vya angani visivyo na rubani, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Kanuni hizo zinahusu uagizaji, usajili na urushaji, na zinaweka kikomo cha futi 400 kwenda juu. Kabla ya kununua rimoti au kuagiza chombo chochote, mzazi au mwalimu aulize KCAA ni nini kinachohitajika. Ni afadhali kuuliza mapema kuliko kunyang'anywa baadaye.

Trans Nzoia, baada ya mahindi kuvunwa mwishoni mwa mwaka, kuna mashamba mapana yasiyo na mtu wala waya wa stima. Omba ruhusa kwa mwenye shamba na urushe asubuhi mapema, kabla jua halijapanda. Kule Bungoma jihadhari na miwa. Kindege kikizama katikati ya shamba la miwa iliyokomaa, utakitafuta hadi Jumapili nyingine.

Ndege ndogo kabla ya kubwa

Huenda mzazi akauliza: yote haya ni ya nini? Si mchezo tu wa watoto?

Mwaka 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, kijana Mfaransa aitwaye Alphonse Pénaud alirusha kindege kidogo kilichoendeshwa kwa mpira uliosokotwa. Kiliruka kwa sekunde 11 na kwenda karibu mita 40. Miaka saba baadaye, askofu mmoja wa Marekani, Milton Wright, aliwaletea wanawe kitu cha kuchezea kinachoruka, kilichotokana na kazi ya Pénaud huyo huyo. Watoto hao, Wilbur na Orville, walikua wakawa mafundi wa baiskeli katika mji wa Dayton. Tarehe 17 Desemba 1903 waliruka kwa mara ya kwanza katika ndege yenye injini. Safari hiyo ilichukua sekunde 12 na kwenda karibu mita 37. Ndege iliyobeba mtu ilikuwa bado haijakipita kwa umbali kile kidude cha Pénaud cha miaka 32 iliyotangulia.

Lakini angalia walivyofika hapo. Mwaka 1899 walianza na tiara yenye upana wa mita moja na nusu tu. Hesabu za vitabu zilipokataa kulingana na walichokiona, hawakuongeza ukubwa wa injini. Mwaka 1901 walijenga sanduku la kupitishia upepo, wakapima ndani yake vibawa vidogo vipatavyo 200, na wakaandika kila jibu. Walimkumbuka Otto Lilienthal wa Ujerumani, mtaalamu aliyeruka kwa mabawa yake mara nyingi kuliko mtu yeyote wa wakati wake, na ambaye alianguka na kufariki mwaka 1896.

Kila baada ya miaka michache, magazeti na televisheni zetu humwonyesha Mkenya aliyejenga ndege ya kubeba mtu nyuma ya nyumba yake, kwa vyuma vya jua kali na injini ya pikipiki au ya gari. Majirani hujaa, picha hupigwa, na mara nyingi ndege hukimbia uwanjani bila kupaa. Wengine hucheka. Hakuna cha kuchekwa, kwa maana ujasiri wa mtu huyo ni mkubwa na mikono yake ni ya fundi. Jambo la kuhuzunisha ni kwamba mara nyingi ameanza peke yake, kana kwamba hakuna aliyemtangulia. Hajui aliyeshindwa kabla yake alishindwa wapi, na anaweka maisha yake pale ambapo angeweka kindege cha gramu 500. Kindege kikianguka, hasara ni povu na karatasi ya kaki.

Daftari la karakana

Turudi kwa wale binamu wawili na kindege chao kilichovunjika bawa. Kuna njia mbili kutoka hapo. Ya kwanza ni kukitupa juu ya kabati na kukubali kicheko cha watoto. Ya pili ni kufungua daftari la shule lenye kurasa zilizobaki na kuandika: tarehe, mahali, saa, joto, upepo, uzito wa kindege, rafadha iliyotumika, mahali betri ilipokaa, na kilichotokea. Kesho yake asubuhi, bawa likiwa limegundishwa na gramu 80 zikiwa zimeondolewa, waandike tena.

Kitale si mji mgeni kwa kazi ya kuweka kumbukumbu. Makumbusho yake, ambayo yamekuwa wazi kwa umma tangu mwaka 1974, yalitokana na vitu vilivyokusanywa na mtu mmoja aliyependa wadudu, vipepeo na vitabu, Kanali Hugh Stoneham. Alichokusanya mtu mmoja kwa subira leo ni elimu ya wanafunzi wa eneo zima.

Shule moja ya Bungoma ikianzisha daftari la namna hiyo, na shule nyingine ya Kitale ikafanya vivyo hivyo, kisha walimu wa fizikia wakabadilishana madaftari hayo kila muhula, tutakuwa tumepata kitu ambacho hakuna gazeti la ng'ambo lililowahi kutuandikia: maelezo ya jinsi bawa linavyofanya kazi katika hewa yetu, kwa povu letu, kwa spoku zetu. Wanafunzi wanaotafuta jambo la kupeleka katika mashindano ya sayansi ya shule za sekondari wanalo hapo, tayari, na gharama yake ni ndogo.

Na mjomba je? Mpeni yeye kazi ya kushika mizani na kusoma gramu. Akiona kindege kikipaa asubuhi ya tatu, hataulizia mbolea tena. Ataomba rimoti.